Buluu Bado ni Herufi

Fundi Wendelin kaitandaza karatasi,
kaibana kwa vipande viwili vya risasi.
Unyoya, wino wa masizi, maji ya kijivu:
rangi nyingine hana. Malaika ana bawa moja,
la pili ni mistari mitatu ya haraka.

Kushoto nguzo nene, kulia nyembamba.
Hakukosea. Bibi Apollonia ndiye mlipaji,
achague mwenyewe. Ngao ya chini i tupu,
yangoja nembo ya marehemu mumewe.
Na kwenye joho la Mariamu, herufi moja,
ndogo kama sisimizi: b.
Yaani hapa, buluu.

Kioo chenyewe nilikibeba mimi kutoka gatini,
kimeviringishiwa nyasi kavu,
nikitembea kama mja mzito.

Dirisha lilidumu miaka saba.
Siku ya nyundo, Basel nzima ilisikika
kama kabati la sahani likianguka.
Apollonia aliokota vigae thelujini, mikono mitupu,
asijue kipi joho, kipi mbingu.

Karatasi ilipona
kwa kuwa tulikuwa tumeifungia mishumaa.
Leo nimeikunjua. Mafuta yamelowesha
goti la malaika, ukingo wa joho.
Naiinua kwenye dirisha la jikoni:
penye doa, mwanga unapita.
Kwingine kote, kijivu.
Nasogeza jicho.
Nasoma: b.