Wino Haukauki Sawa

Nyuma ya Mtaa wa Biashara, mlango usio na kibao,
ndipo tunapochapa fulana:
mimi, Kadzo, na mashine ya Shebwana isiyo na chama.
Miaka kumi na minane nimezisoma serikali
kwa mita ya kitambaa na kopo la wino,
na mtu akiniuliza ipi bora
namuuliza kwanza: arbuni imelipwa?

Bi Mkiwa wa Tanga hatumi mchoro.
"Ule ule," asema, simu yakatika.
Fremu yake ni ya enzi za babake Shebwana;
haijabadilishwa, imeongezwa misumari tu.
Siku moja nilimuuliza, hamchoki?
"Mwanangu, nyumba ya nguzo moja
hugombani na nguzo."
Akanyamaza. Nilidhani salio limekwisha.
"Ila usiku," akasema, "twawasikia mchwa."

Sisi wa huku, loo!
Vyama vyetu vyazaliwa Januari, vyaoana Machi,
Juni vimeachana, wala hakuna eda.
Mwaniaji mmoja wa wadi, jina nalihifadhi,
alihama mara tatu msimu mmoja.
Fulana za chama cha kwanza Kadzo alizigeuza ndani nje,
tukachapa cha pili.
Cha tatu tulikosa upande.
Sikatai: mwaka ule majaji waliposema kura irudiwe
tulichapa usiku kucha, siku nane,
na haki, kwa mara ya kwanza maishani mwangu,
ilinilipa ovataimu.

Opolot ndiye huja na lori kuchukua mzigo wa Soroti.
Huketi juu ya robota, kahawa tungu mkononi, hana haraka.
Husema kwao mgombea hazeeki,
katiba ndiyo inayozeeka.
"Waliing'oa meno mara mbili.
Sasa twainywesha uji."
Kisha huhesabu marobota yake ya manjano
moja moja, kama mtu anayehesabu
wajukuu wa jirani.

Faki wa Wete aliwahi kuagiza kofia mia mbili,
nusu rangi hii, nusu ile,
walipoafikiana kutawala pamoja.
Tukashona kwa uzi wa mara mbili.
Mvua ya kwanza, rangi moja ikachuja,
ikamezwa na mwenziwe.
Nilitaka kumrudishia pesa, akakataa.
"Ziache. Zimefanana nasi."

Na Achol, aliyepanga chumba Tudor,
anayengoja kura ya kwanza ya nchi yake
na kila mara huambiwa bado:
yeye hakuulizia chama.
Bendera moja, ya taifa, bei gani?
Oda yake nimeiandika kwa penseli.

Sina mizani ya kuwapimia hawa.
Najua tu kwamba wino haukauki sawa:
pamba huunywa, nailoni huukataa,
na unyevu wa hapa Mvita huharibu kila hesabu.

Agosti ile nilipanga foleni tangu alfajiri,
shule ya msingi, huko Majengo.
Karani, kijana wa miwani, akaushika mkono wangu wa kushoto,
akaugeuza, akaugeuza tena,
akitafuta kidole kisicho na rangi.
"Mama, umeshapiga kura wapi wewe?"
Nyuma yangu watu wakaangua kicheko.
"Kote kote," nikamwambia. "Kwa jumla na rejareja."
Yeye hakucheka. Akapaka wino wa serikali
kidole kidogo, juu ya kijani cha Bi Mkiwa.

Wetu ulitoka baada ya wiki moja.
Kijani kipo hadi leo, ukingoni mwa ukucha.