Wote, Wengi

Kinyonga aliingia shuleni Isongole
ndani ya kofia ya sufu ya Mwalimu Tumpale,
asubuhi ambayo ukungu ulikalia madawati kabla yetu.
Darasa zima la tatu tulibanana ukutani.
Gwakisa alipita dirishani, akaangukia matuta ya viazi.
Bibi alikuwa amenionya: akikung'ata
hakuachii mpaka radi ipige,
na radi za Rungwe hazipigi kwa kuombwa.

Mwalimu akamweka kwenye tawi la mparachichi,
tawi akalisimika kwenye debe la mchanga.
"Hiki ni kitabu," akasema.
"Kile kingine mnagombania watoto sita."

Mimi nilikuwa sijui kusoma.
Nilijua kukariri, ambako ni kitu kingine:
ukifunika picha, nimekwisha.
Silabi zenye nundu, nyo, mbwe, ndwa,
zilinikwaa kama visiki njia ya kisimani.

Akaandika KINYONGA ubaoni, akaniita.
Sikutazama neno, nilimtazama mwenyewe.
Aliinua mkono, akauacha hewani,
akayumba mbele, akayumba nyuma,
kama anayelibishia jani hodi,
ndipo akashika.

Ki.

Wenzangu wakaanza kucheka.
"Kati ya hao wawili," Mwalimu akauliza, "mnamcheka yupi?"

Nyo.

Mkia ukajikunja, sita iliyolala chali.

Nga.

Nilifika.
Sijafika tena popote kwa namna ile,
hata siku niliposhuka Uyole na cheti mkononi.

Tukashona daftari la zamu.
Jumatatu: mvua. Kijani. Nzi wawili.
Jumanne: mvua. Kijani. Hakula.
Jumatano Subilaga aliandika: *Amekasirika.*
Kalamu nyekundu ikauliza pembeni: *Umejuaje?*
Akafuta hadi karatasi ikatoboka, akaandika upya:
*Amekuwa mweusi ubavuni. Amefungua kinywa.
Gwakisa alimpulizia.*

Na ubaoni, kutoka kitabu cha watoto sita:
*Reptilia wote hutaga mayai.*
Tukanakili. Tukasubiri mayai.
Tumbo lake lilikuwa kama soksi iliyotiwa ndimu.
Tulilainisha mchanga kila jioni
kwa mikono iliyonuka pareto.

Ijumaa, kabla rimu ya lori haijagongwa,
Lugano aliyekuja kufagia alipiga yowe.
Mama yuko tawini, pembe zake fupi zimeelekea dirisha,
anaachilia vifuko vya utando, kimoja, kingine,
na kila kifuko kilichogusa jani
kilipasuka, kikaota miguu, kikaondoka zake.
Kumi na mmoja.
Tulihesabu mara tatu, maana hawakutulia,
kila mmoja na macho mawili yasiyoafikiana.

Ambakisye, ambaye hakuwahi kuuliza kitu,
akauliza: "Mwalimu, mayai yako wapi?"

Mwalimu akatazama kitabu.
Akatazama tawi.
Tulisikia mvua ikihama bati la ofisi kuja kwenye letu.
Angeweza kusema kinyonga amekosea.
Wakubwa tuliowajua wangesema hivyo
na tungenakili.

Alilowesha kiganja, akafuta neno moja tu.
*Reptilia ......... hutaga mayai.*
"Jazeni," akasema,
akaja kuketi dawati letu, magoti yakimgonga kidevu.

Chaki niliichukua mimi.
Mkono hewani, nikayumba mbele, nikayumba nyuma.
*We.*
*Ngi.*

Siku hizi nashika mizani kwenye ghala la viazi.
Dalali huja na karatasi yake:
*wakulima wote wameridhia bei.*
Nalowesha kiganja.
Ananiona mtu mzito.

Wale watoto tuliwarudisha kwenye ua nyuma ya jiko,
pamoja na mama yao, ambaye hakuwageukia.
Walikuwa kumi.
Wa kumi na mmoja, daftari linasema,
*hatukumwona tena.*
Mwandiko ni wangu.
Halisemi alikufa.