Jino la Sitini na Moja

Jeltsje amelala chali ndani ya kinu cha upepo,
tochi ameing'ata, nyundo ya mti kifuani.
Juu yake gurudumu limesimama, jeusi kwa mafuta,
meno sitini na moja, moja limevunjika.

Nje ni Frisia, nchi iliyo chini kuliko bahari.
Huku wakisahau kusukuma maji wiki mbili
ng'ombe huamka matumbo yameloa.

Alipokuwa na miaka saba alimuuliza babaye:
kwa nini si sitini? Sitini hugawanyika vizuri.
Wiebren akajibu: ndiyo maana.
Siku nyingine, akiwa na subira zaidi, akamweleza:
meno sitini kwa vijiti ishirini vya gurudumu dogo,
kila jino lingerudi kwa kijiti kilekile,
kovu kwa kovu, mchana na usiku,
mpaka wachimbane kama mume na mke
wenye ugomvi mmoja tu.
Hilo moja la ziada ndilo mvurugaji.
Kwa ajili yake kila jino hukutana na kila kijiti,
na uchakavu hugawiwa kama wali wa msibani,
kila mtu na tonge lake.

Mwaka juzi alikuja Bwana Postma wa kamati ya maji,
na jalada la buluu, na picha ya pampu ya umeme.
Dhamana, alisema, miaka kumi na miwili.
Na wa kumi na tatu? Jeltsje akauliza.
Bwana Postma akacheka, akidhani ni mzaha:
wa kumi na tatu tutanunua nyingine!
Pampu ikafungwa. Iko pale, inavuma kama nyuki,
na siku zisizo na upepo, Jeltsje mwenyewe anakiri,
inafanya kazi nzuri.
Ila hajawahi kuipa jina.

Wahenga wetu walisema
jino la pembe si dawa ya pengo.
Walikuwa wakisema vinywa, si vinu.
Hapa dawa ya pengo ipo darini,
ubao mweupe kama mfupa, umeandikwa kwa chaki:
*Ulikatwa 1958. Usiguse kabla ya 1990.*
Mwandiko wa babu yake,
aliyeandika hivyo akiwa kapera,
hana mjukuu, hana hata mchumba.

Anagonga. Jino la zamani linatoka na shina lake,
na pale chini, sehemu iliyofichwa tunduni
tangu siku lilipopachikwa,
kuna herufi za ncha ya kisu:
*Sipke. 1887. Mvua tena. Nina njaa.*

Jeltsje alicheka mpaka tochi ikamtoka kinywani.
Mimi mgeni nikaiokota.
Miaka yote ile nilidhani watu wa kale
walituachia hekima.

Siku mbili alichonga. Randa, patasi, tupa,
kisha nta ya nyuki, kisha akalijaribu,
akalitoa, akalipunguza unene wa ukucha.
Kabla ya kulipigilia, akachukua kisu,
akaandika kitu kwenye shina.
Niligeuza uso, nikimulika ukuta.
Barua haisomwi na asiyeandikiwa,
na huyo wa kuisoma mama yake hajazaliwa.

Jioni upepo ukaja kutoka kaskazini, wa kutosha.
Jino jipya, jeupe katikati ya weusi,
likapanda, likapotea, likarudi.
Nilihesabu mizunguko: kumi na nane, kumi na tisa,
wa ishirini likakutana tena na kijiti chake cha kwanza,
wala halikupiga kelele.

Tulipotoka alinionyesha, nyuma ya banda,
miche minne ya mti uleule, haijafika gotini,
imezungushiwa seng'enge, kondoo wasiiguse.
Nikamuuliza, hii ni ya jino lipi?
Akafuta mikono kwenye suruali.
Sijui, akasema. Halijavunjika bado.