Kila Ijumaa, Vidonge Sita

Mama hakuanza kwa kukohoa.
Alianza kwa kuziogopa ngazi:
ngazi tatu tu za barazani, hapa Yombo Vituka.
Akakaa kwenye ya pili, akasema anaangalia kuku.
Hatuna kuku.

Kisha kikohozi, kikavu, kisicholeta kitu,
kama mtu anayebisha hodi kwa waliohama.
Homa ya jioni. Kucha rangi ya zambarau.
Mtaa ukajua kabla ya daktari:
ni vile virusi, vimerudi.
Mama Chuwa wa genge akaanza kutuwekea chenji
kwenye sahani, asituguse mkono.

Tukamfukiza. Mchaichai, mkaratusi, ndimu na maganda yake,
blanketi juu ya kichwa, sufuria chini ya kidevu,
naye humo ndani akinong'ona, "Nifunueni, nakufa,"
nasi tukimwambia, vumilia, inatoka.

Kipimo cha kwanza: hana.
Kipimo cha pili: hana.
"Vipimo navyo," alisema yule kijana wa zahanati,
akaandika dawa ya siku tatu, akaandika ya maji,
akaandika: mapumziko.

Na mimi, binti mwema,
niliyetega kengele kwenye simu ili Ijumaa isipite,
niliendelea kumhesabia kiganjani
vidonge sita vya njano. Vya viungo.
Maana Mama ni fundi cherehani, na vidole
vilikuwa vimejikunja kama tangawizi,
na vidonge hivyo, nisiseme uongo, vilivinyoosha.
Mwaka ule alishona sare za shule mia mbili.
Tulivishukuru. Tulivitunza kabatini juu,
pamoja na hati ya kiwanja.

Wiki ya tatu tulimbeba.
Daktari Rweyongeza, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba,
aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha.
Mapafu yalikuwa kama kioo
mtu amekipulizia pumzi, asifute.
Hakuuliza Mama alikutana na nani.
Hakuuliza nani mwingine anakohoa nyumbani.
"Anakunywa nini?"
"Chai ya rangi."
"Dawa, mdogo wangu. Dawa gani?"

Nikatoa bahasha ya kaki mkobani,
nikampa kwa fahari, kama mwenye stakabadhi.
Akaisoma. Akaigeuza.
Akaiweka mbali na kitanda.
"Si mara nyingi," alisema,
"lakini inayofungua mkono huweza kufunga kifua.
Hakuna aliyemwambukiza."

Hakuna aliyemwambukiza.
Nikaikumbuka sahani ya Mama Chuwa.
Nikaukumbuka mlio wa kengele,
niliouchagua mwenyewe, wa ndege, usimshtue.

Alirudi polepole, kwa oksijeni
na vidonge vingine vichungu vilivyomvimbisha mashavu.
Ngazi ya kwanza. Ya pili.
Siku kumi baadaye, ya tatu.
Vidole vimeanza kujikunja tena;
jana aliniita nimtungie uzi,
nikainama kwenye sindano
na sikio langu likawa karibu na kifua chake,
nikachelewa makusudi kulipata tundu.

Ijumaa hii ndege amelia, saa mbili usiku.
Sijamfuta. Sijui kwa nini.
Tumetazamana, Mama na mimi, barazani,
yeye ngazi ya pili, kwa hiari yake.
"Zima," akasema.
"Unawaamsha kuku."