Hewa ya Deni

Nyumbani kwetu kilima
ni dari nikisimama,
kuanika, kutazama
watu wapitao chini.

Ndipo Famau mwanangu
akatia koti langu
garini na mimi, tangu
usiku, barabarani.

Denva tukaipitia,
njia ikajipandia,
masikio yakalia
kama mluzi kichwani.

"Ledivili" ndilo jina,
kibao kimelinena,
"mita elfu tatu", tena
na ushei, mawinguni.

Nikashuka kwa maringo;
hatua tano, mgongo
wapinda; moyo mlango
wagonga hapa kooni.

Mzee mwenye kofia
chupa akanitupia:
"Kunywa, tembea, tulia,
hewa hapa ni ya deni."

Hewa ya deni! Nikawa
bi harusi wa kutawa,
kwa hatua za kugawa
hadi makumbusho ndani.

Taa, sururu na kamba
za walochimba miamba
wasipate hata chumba
cha kulala, ila chini.

Nikaona na kiatu,
si cha mume, si cha mtu
mzima; mwana wa watu
alikivaa shimoni.

Famau, "Twende," asema.
Nami bado nasimama,
nakipima, nakipima
kwa kiganja, kiooni.

Milima nyuma ya duka
la kofia yainuka,
theluji haijatoka
na jua li utosini.

Na chai yao, ajabu!
Maji yafoka, si tabu,
majani yawa mabubu,
hayasemi kikombeni.

Mara njia yafungika,
matarumbeta yalika,
na watu wamefurika
pande mbili mtaani.

"Kuna nini?" "Mashindano."
"Ya nini?" "Punda." "Maneno!
Nimepanda ndege tano
kuona vya kwetu pwani?"

"Hapandwi. Huyu na yule
kwa miguu, punda mbele,
hukimbia hadi kule
kileleni, na mjini."

Na mgongoni abeba
sururu, karai, kamba,
kama wale wa miamba
nilowaona jengoni.

Kipenga, na vumbi juu,
kelele, kwato, miguu,
mtu kaanguka, puu!
akacheka mavumbini.

Mmoja tu akagoma,
mbele yangu kasimama,
kijivu, jicho la mama
aliye na la moyoni.

Mwenye kamba akavuta,
akasukuma, kajuta,
akamwita, akamwita,
"Dezi wangu!" sikioni.

"Nyuma yake usingie:
asante yake, ujue,
ni teke; mwache atue
roho yake kifuani."

Hakujua lugha yangu;
punda naye ni Mzungu.
Nikaweka shavu langu
kwenye joto la shingoni.

Apumua taratibu
kama msoma kitabu,
nami, kwa kuwa karibu,
nikamwiga, kwa makini.

Hewa ndani, hewa nje,
washindi waende, waje,
sisi watatu tungoje
deni lishuke moyoni.

Kisha, sijui kwa lipi,
kashika mwendo mfupi;
mwenye kamba, "Wapi? Wapi?"
afuata mkiani.

Walifika saa kumi,
mwisho kabisa; na mimi
kigelegele, ulimi
ukakauka kinywani.

Usiku, jumba la kale,
viti vyekundu, na yule
mwimbaji, wimbo kilele
wakatika: "Samahani,"

akavuta kwenye chupa
hewa aliyoikopa;
makofi nasi twampa
kama wenzi wa madeni.

Tima akapiga simu:
"Milima? Theluji tamu?
Hadithia!" Nami, hamu
ya kulala i machoni,

nikamwambia, "Kiatu.
Na punda. Kingine katu
sikumbuki. Nao watu
hupumua kwa foleni."