Fremu ya Mita Moja

Naiangusha fremu bila kuchagua. Ndiyo sheria.
Mita kwa mita, chuma chenye kutu,
nyuma ya Embakasi, ndege zikishuka
hadi naona matairi yake.
Napiga magoti. Nahesabu.

Ndani ya uzio ng'ombe hawajaingia miaka tisa.
Nyasi nyekundu zimelala kama godoro la mgonjwa,
nene, za kijivu, zimejinyima jua zenyewe.
Nimezifunua kwa mkono: machipukizi mawili.
Uzio huu niligongomea misumari yake mimi,
nikajiona nimeokoa kitu.

Nje, anapolisha Koileken,
katika mita ileile nimeandika aina kumi na moja.
Nyingine sina jina lake. Yeye analo.
Kando ya bwawa, ambako kwato hazipumziki,
umebaki ukoka tu, na ukoka hauna haya,
kanyaga utakavyo, utakujibu kwa mizizi.

"Na kule?" Koileken akanyoosha fimbo magharibi,
kwenye udongo mwekundu wa Dagoretti.
"Kule ng'ombe hawahawa wangeandika barua nyingine."
Kweli. Mwekundu huipokea mvua upesi,
na ukiuvua nguo huondoka nayo.
Huu mweusi una kinyongo:
masika humeza buti,
kiangazi hupasuka hadi ndama akavunjika mguu.

Mjini hawautaki. Karibu na kwangu, Pipeline,
malori huuzoa mpaka kwenye jiwe
kabla fundi hajasimamisha nguzo.
Hauaminiki, wanasema. Unavimba. Unasogeza kuta.
Sijasikia anayeuliza
ulikuwa umeficha nini kifuani.

Jioni, ghorofa ya nne, navua soksi.
Mbegu moja imenichoma kifundoni,
ina mkia mweusi uliosokotwa kama uzi wa fundi viatu.
Nikakwangua tope la buti kwenye mkebe wa Kimbo,
nikailaza juu, nikanyunyiza maji kwa vidole,
nikarudi kwenye karatasi zangu:
fremu ya ishirini na sita, fremu ya ishirini na saba.

Nilipogeuka, mkia ulikuwa unazunguka.
Taratibu, kama mshale wa saa.
Ukasita, ukazunguka tena,
kichwa kikitafuta ufa.

Chai ilikuwa inafurika jikoni.
Niliiacha ifurike.