Bei Ukutani

Ukutani nimeandika kwa chaki:
Mpira mia tatu. Magari mia tatu. Ngumi mia tano.
Kalunde kaja na flashi, kaichomeka,
kasema cheza kwanza, bei baadaye.

Narina asali, miombo, moshi unafuka,
nikadhani ni gemu la kurina.
Nyuki mmoja akatua katikati ya kioo:
Kitendawili!
Nikabonyeza kila kitufe. Kimya.
"Mwitikie, mjomba," Kalunde akanong'ona.
*Tega*, nikasema, mtu mzima,
mbele ya watoto wote wa Isevya.

Nikashindwa. Nipe mji, akadai nyuki.
Nikampa Urambo, bila kufikiri.

Mara naendesha treni ya Kigoma, mbio,
kumbe ni la magari, nikajituliza,
hadi abiria mmoja, kikapu mapajani,
akauliza mbona Urambo hatukusimama.
Dada yake anamsubiri pale.
Hakuna kitufe cha kumjibu.

Umeme ukakatika. Watoto wakaguna.
Kalunde anauliza nitaiandika wapi.

Chini ya ngumi nimechora mstari mpya,
jina nimeliacha wazi. Bei:
mji mmoja.